Mwaka Niliojipandisha Darasa la Saba

Sikupandishwa kwenda darasa la saba. Nilijipandisha mwenyewe.

Nimelikana jambo hili kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano, na nimelikana vizuri, kwa sauti ya mtu msomi. Mwanamke mmoja niliyesoma naye Migori aliniona matangani, akaniuliza mbele ya watu wanaokula wali, "Wewe si ndiye ulikuwa urudie la sita?" Nikacheka kile kicheko nilichojifunza chuo kikuu, nikamwambia amenichanganya na mtu mwingine. Nimemkania hata mume wangu, ambaye amenisamehe makosa makubwa kuliko hilo. Nina shahada mbili ukutani, na zote mbili zimesimama juu ya karatasi niliyoitumbukiza kwenye choo cha shimo kule Kosele, mwezi wa Desemba, katikati ya miaka ya tisini.

Nakiri sasa kwa sababu nimechokozwa. Shule anayosoma mtoto wangu wa mwisho iliniomba, eti kwa kuwa mimi ni mwandishi, niwaandikie wazazi ukurasa mmoja mzuri: watarajie nini mtoto anapoingia madarasa ya juu ya msingi. Nilijaribu. Niliandika kwamba watarajie maswali mengi na viatu vinavyobana. Nikafuta. Ninachokijua kuhusu mwaka wa namna hiyo hakifai kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule, kwa hiyo nakiandika hapa. Sitaomba msamaha mwishoni. Anayeusubiri asijichoshe.

Shule yangu ya Migori ilikuwa na desturi moja ya kufunga mwaka. Wazazi walikaa uwanjani kwenye viti vya kuazima kanisani, na majina yakasomwa kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, kila mtoto akitembea mbele kuchukua bahasha yake. Ukiwa wa kwanza unatembea katikati ya makofi. Ukiwa wa arobaini na moja unatembea katikati ya watu wanaokunja viti. Mimi nilikuwa wa arobaini na moja kati ya arobaini na watatu. Wale wawili walionifuata, mmoja alikuwa amelazwa hospitali na hakufanya mtihani, na mwingine alikuwa amehamia Tanzania katikati ya muhula. Ningependa kusema niliugua malaria. Sikuugua. Nilikuwa nimeshindwa na sehemu, zile nusu na robo na thumuni, na tangu siku nilipoziacha nikawa naangalia dirishani.

Hakuna wa kwetu aliyekuja siku hiyo. Mama alikuwa amejifungua mapacha wiki ileile, na baba alikuwa barabarani na lori la miwa. Bahasha iliandikwa "Kwa mzazi". Niliifungulia nyuma ya kinu cha kusaga mahindi. Ndani mlikuwa na ripoti, pamoja na barua fupi ya mwalimu mkuu iliyosema kwamba, ili kulinda wastani wa shule, mtoto huyu atarudia darasa la sita, na kwamba mzazi anaombwa kushirikiana.

Siku hizo ndivyo shule zilivyofanya. Mtihani wa darasa la nane ndio uliozipanga shule kwenye gazeti, na kila mwalimu mkuu alikuwa akichambua watoto mapema kama mama anayepepeta mchele. Mchele ulipanda darasa. Sisi wengine tulibaki kwenye ungo. Mvulana akirudishwa alivumilia, au alikwenda kuchimba dhahabu. Wasichana wa umri wangu, miaka kumi na mitatu inakwenda kumi na minne, walikuwa na njia fupi zaidi. Nilikuwa nimewaona. Anarudia mara moja, anarudia mara ya pili, kisha siku moja anapita njiani amebeba mtoto, nawe unamsalimia kama mtu mzima.

Sikumwonyesha mama bahasha. Alikuwa na mtoto kila upande, na aliponiona tu aliniambia niende Kosele, kwa waya, nikakae likizo. Nyumbani mdomo mmoja ukipungua ni nafuu. Waya kwetu ni dada ya baba. Huyu wangu alikuwa fundi wa nguo, mjane, watoto wake wameshaondoka, na cherehani yake ilikaa kwenye baraza la duka sokoni ambapo kila apitaye alilazimika kusalimia. Hakujua kusoma. Hilo nililijua, na nililitegemea. Nililolisahau ni kwamba alijua tarakimu.

"Soma, nyar owadwa," akaniambia, yaani binti ya kaka yake. Alikuwa ameiona bahasha ikichungulia mfukoni mwangu.

"Inasema nimepita. Inasema niende la saba. Inasema nina adabu."

"Adabu wameiandika wapi?"

"Hapa chini."

"Na hii je?" Kidole chake kikatua palepale nisipopataka. "Hii ni arobaini na moja. Hii ni arobaini na tatu. Usidhani mimi ni kipofu, nafanya kazi na tepu."

Sikupanga nilichosema. Kilitoka tu, kimekamilika. "Hao ni watoto niliowashinda, waya. Nimewashinda arobaini na mmoja, kati ya arobaini na watatu."

Akapiga hesabu. "Basi mmebaki wawili. Wewe na mwingine. Huyo mwingine ni wa nani?"

"Ni mtoto wa mwalimu."

"Aa! Huyo amesaidiwa."

Kufikia saa sita mchana soko zima lilijua kwamba binti ya kaka yake ni namba mbili Migori, na angekuwa namba moja kama si upendeleo. Waya akatangaza kwamba ripoti itapigwa misumari ukutani, kati ya picha za mitindo ya magauni, mahali ambapo wateja hukaa wakingoja kupimwa. Wateja waliojua kusoma. Kabla hajapata misumari, ripoti na barua yake zilikuwa zimeingia chooni, na mimi nilikuwa nalia kwa ufundi kwamba mbuzi amezila. Mbuzi alipigwa. Huyo ndiye pekee ambaye, nikimwona, ningemwomba radhi.

Januari mapacha walikuwa wanaugua kwa zamu, na mama akatuma neno kwamba nibaki kulekule. Waya akanishonea sare, akanipeleka shule mwenyewe. Mwalimu mkuu wa pale alikuwa mtu wa rula. Hata alipoongea alikuwa na rula mkononi, akigongagonga meza penye koma na nukta.

"Ripoti?"

"Imeliwa na mbuzi, mwalimu," waya akasema. "Lakini ni namba mbili."

"Barua ya uhamisho?"

"Na hiyo pia. Mbuzi hakuchagua."

Mwalimu mkuu akaniangalia, kisha akaiangalia sare yangu, iliyoshonwa vizuri kuliko zote pale shuleni. Waya ndiye aliyeshonea nusu ya shule ile, na aliwashonea walimu suruali zao pia, akijua nani amenenepa na nani anadai amekonda. "Aingie la saba," mwalimu mkuu akasema. "Lakini mama fundi, bila barua kutoka Migori haingii la nane. Mnipatie kabla mwaka haujaisha."

Mwaka mzima. Nikaona ni umilele.

Sasa nije kwa wazazi na yale ya kutarajia. Wiki ya kwanza tuliitiwa mkutano, wazazi wamekaa kwenye madawati yetu, magoti yamefika kidevuni, na mwalimu mkuu akawaeleza bila sukari. "Mtoto wa la saba si wenu mwaka huu. Atatoka nyumbani hamjaamka. Jumatatu ataleta kuni. Ijumaa ataleta mavi ya ng'ombe na maji, asiribe darasa, funza wasimle. Jioni asitumwe ziwani, asitumwe sokoni. Na kila mwisho wa mwezi kuna mtihani. Atakaa kiti anachostahili."

Hilo la kiti halikuwa mfano. Baada ya kila mtihani majina yalisomwa, na kila mmoja akabeba vitabu vyake na kuhamia dawati la namba yake: wa kwanza mbele kabisa penye ubao, wa mwisho karibu na mlango. Sehemu ile ya mlangoni watoto waliiita steji, kwa sababu anayekaa pale anangoja gari la kuondoka. Mtihani wa kwanza nilikuwa wa ishirini na tisa kati ya thelathini na sita. Nikabeba vitabu vyangu hadi steji, darasa zima likiniangalia.

"Namba mbili wa Migori!" msichana mmoja akanipigia makofi. "Huko kwenu mnasoma, ama mnakausha tumbaku?"

"Yote mawili," nikamjibu. "Ndiyo maana wewe ukikohoa unanuka wivu."

Jibu halikuwa na maana yoyote, lakini lilisemwa kwa nguvu, na nimegundua tangu hapo kwamba makala nyingi zinaishi kwa njia hiyohiyo. Mwalimu mkuu naye alifikia uamuzi wake. Nilimsikia akimwambia mwalimu wa hesabu kwamba ikiwa huyu ndiye wa pili wao, basi Migori hakuna shule, kuna vibanda tu. Niliona aibu kwa niaba ya wilaya nzima, na sikuikanusha kauli hiyo hata kidogo.

Kilichonitoa steji kilikuwa kitambaa. Waya alinikalisha kila jioni kwenye baraza nimshikie tepu na kumsomea majina ya wateja, naye akawa anakata. Siku moja aliniambia nigawe kiuno cha inchi ishirini na saba na nusu kwa marinda kumi na moja. Nikasema siwezi sehemu.

"Sehemu ni nini?"

Nikamweleza. Akanitazama kwa huruma ya kweli. "Yaani huko shuleni wanakupa nusu bila kitu? Nusu ya nini?" Akaninyang'anya tepu. "Hii hapa nusu. Ikunje, hii robo. Ikunje tena. Sasa ukikosea, mtoto wa watu anatembea sketi imeenda upande. Gawa."

Niligawa. Kila rinda likatoka inchi mbili na nusu. Niligawa kuanzia Februari hadi Julai, makwapa ya watu, kola, mikono, mapazia ya kanisa. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia kwamba thumuni ni upana wa mshono. Machi nilikuwa wa ishirini na mbili. Juni wa kumi na tatu. Nilibeba vitabu vyangu kutoka mlangoni, dawati kwa dawati, na kila nilipohama niliona vizuri zaidi ubaoni, jambo ambalo, nikiwa mtu mzima, nimeligundua kuwa nusu ya elimu yenyewe. Waliokaa steji hawakuwa wajinga. Hawakuwa wanaona.

Na hapa nasema kwa ukali: mzazi atarajie kwamba shule itampanga mtoto wake kama bidhaa kwenye rafu, na itamwambia ni kwa faida ya mtoto. Mara nyingi ni kwa faida ya rafu.

Septemba, muhula wa tatu, nilikuwa wa saba. Oktoba nikawa wa nne. Siku nilipokaa dawati la nne mwalimu mkuu aliniita ofisini. Nilidhani ni pongezi.

"Natengeneza orodha ya watakaoingia la nane," akasema. "Wewe huna barua. Nilimwambia shangazi yako kabla mwaka haujaisha. Wiki mbili zijazo bila barua, Januari nakuandika unapostahili kwa karatasi zilizopo. Na karatasi zilizopo ni hakuna." Rula ikagonga. "Nenda."

Nilitembea hadi sokoni nikijua hesabu yake, maana sasa nilikuwa najua hesabu. Barua ya Migori, ikija, ingesema la sita. Ningefunga la saba Novemba na kufungua la sita Januari, nikiwa nimetimiza kumi na minne. Nilijua njia inayotoka hapo inakokwenda.

Waya alikuwa anashona. Nikasimama upande wake.

"Waya, si mbuzi."

"Si mbuzi nini?"

"Aliyekula ripoti. Niliitupa chooni. Ilisema nirudie la sita."

Cherehani ikasimama. "Na ile arobaini na moja?"

"Ilikuwa mimi."

Sijawahi kumwona mtu akirudi nyuma mwaka mzima kwa uso tu. Alipita kila mteja aliyemwambia, nikaona akiwapita. "Nimewaambia watu wote hapa namba mbili," akasema polepole. "Mpaka mchungaji. Mchungaji alikuombea shukrani, nyathina, mtoto wangu! Kanisani! Kwa jina!" Kisha akavua tepu shingoni, akanichapa nayo mapajani mara nne, na tepu ya fundi, kwa wasiojua, ina kichuma mwishoni.

Alipomaliza akakaa. Akaipima ile tepu kama anatafuta ilipoharibika.

"Na sasa ni namba ngapi? Kweli ya kweli."

"Nne."

"Nani amekusaidia?"

"Wewe."

Akaivaa tepu. "Nimewashonea mabibi harusi gauni kwa kitambaa cha pazia," akasema. "Wakaenda kanisani, wakaoana, wana watoto. Hakuna aliyewahi kuja kuniambia nifumue. Vaa viatu."

Alimkuta mwalimu mkuu akifunga ofisi. Hakumpa nafasi ya kumsalimia. "Mwalimu, huyu mtoto alidanganya. Alikuwa arudie la sita huko kwao. Mimi nikapokea uongo kwa sababu sijui kusoma, na mbuzi wangu hana hatia. Mpige ukitaka, nimeshaanza. Lakini nyuma harudi. Gauni la pazia likishavaliwa halifumuliwi."

"Mama fundi, kuna utaratibu..."

"Utaratibu ulimkaribisha Januari kwa sababu ya sare. Mimi niliona."

Rula haikugonga popote. Aliniangalia muda mrefu, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyeuziwa kitu kilichopakwa rangi. "Ijumaa nakwenda Homa Bay kupeleka karatasi za ofisi," akasema hatimaye. "Mtakuja wote wawili. Nitapiga simu huko Migori, ile shule iko karibu na misheni yenye simu. Wakisema ni wa la sita, ataenda la sita, na sitaki kusikia habari za mapazia."

Ijumaa tulikuwa posta ya Homa Bay, watatu, tumesimama kwenye simu ya ukutani, mimi katikati kama ushahidi. Waya alikuwa amevaa gauni lake la kanisa. Mwalimu mkuu alipiga, akangoja, akapiga tena. Mtu wa misheni akaenda kumwita mwalimu mkuu mwenzake wa Migori, na muda alioenda ulitosha mimi kusoma kila tangazo lililokuwa ukutani na nisikumbuke hata moja.

Kisha sauti ikaja. Laini ilikuwa mbaya, kwa hiyo yule wa Migori alipiga kelele, na sisi sote tukasikia pande zote mbili.

"Huyo namkumbuka," sauti ikasema. "Wa arobaini na moja. Arudie la sita. Tuliandika. Alitoroka na karatasi zetu."

Mwalimu mkuu akaniangalia. Waya akaushika mkono wangu, si kwa upole.

"Sawa," mwalimu mkuu akasema. "Ni kuuliza tu. Kwa sababu hapa ameingia la saba, na mwezi huu amekuwa wa nne."

Simu ikakwaruza tu. Nilidhani laini imekatika.

"Wa nne kutoka mwisho?"

"Wa nne kutoka mbele. Kati ya thelathini na sita. Hesabu amepata wa kwanza."

Simu ikakwaruza tena. Sauti iliporudi ilikuwa imebadilika, imekuwa tamu. "Sasa mwalimu, sikia. Hiyo mtoto ni yetu. Hatukuwahi kumpa barua ya uhamisho, kwa hiyo kisheria bado yuko kwa rejista yetu. Mrudishe tu. Tutamwingiza la nane hapahapa Januari, hakuna shida."

"La nane?"

"La nane. Mtoto mzuri huwezi kumpotezea mwaka."

"Mwaka jana mlisema arudie la sita."

"Hiyo ilikuwa mwaka jana."

Nilimwona mwalimu mkuu akijinyoosha. Alikuwa mfupi, na hii ndiyo siku pekee niliyomwona mrefu. Alihamisha mkono wa simu kutoka sikio moja hadi jingine, taratibu, kama mtu anayejiandaa kubeba gunia.

"Mwalimu," akasema, "huyu mtoto tumemfundisha sisi. Amesiriba darasa letu kila Ijumaa. Sare yake imeshonwa hapa. Wewe ulikuwa naye, ukamweka kando. Andika kwa hiyo rejista yako kwamba amehamia Kosele, darasa la nane, na barua unitumie wiki hii, ama nije niichukue mwenyewe mbele ya afisa wa elimu, nimweleze mnavyopepeta watoto wa watu."

"Lakini mwalimu, ni wetu..."

"Alikuwa," akasema mwalimu mkuu, na akaikata simu yule wa Migori akiwa bado anaongea.